Jeli ya Kalibu: Kuganda Kwake, Kutoka Kwake na Uhalali Wake

Katika nyumba nyingi za Waislamu sikukuu ya Idi haikamiliki bila ya kitu kitamu cha kuwakaribishia wageni. Watoto hupenda sana jeli, chakula king'aacho chenye rangi na harufu ya tunda, ambacho hutetemeka katika sahani lakini hakianguki. Walakini akina mama wengi wameiacha kazi hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jeli yao haigandi barabara, au ikiganda hukataa kutoka katika chombo, na ikitoka hutoka vipande vipande. Ya pili ni shaka. Wamesikia kwamba ndani ya jeli mna kitu kitokacho kwa nguruwe, wala hawajui kama ni kweli au ni uvumi mtupu.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba mambo haya mawili, ingawa yaonekana kuwa mbalimbali, jibu lake ni moja. Mwenye kujua jeli yake imegandishwa na kitu gani atajua namna ya kuigandisha, atajua namna ya kuitoa nzima, na atajua pia kama yamfaa Mwislamu kuila. Nasi tutasema hasa na wasomaji wa Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, kwa kuwa nchi yao ina mwinuko na baridi ambavyo waandishi wa maelezo ya pakiti hawakuvifikiria.

NI KITU GANI KIIGANDISHACHO JELI?

Maji ya matunda, sukari na rangi havigandi vyenyewe. Lazima pawepo kigandishi, yaani kitu kinachoyashika maji kama wavu unavyoshika samaki. Vigandishi vinavyotumika sana majumbani ni vitatu: jelatini, agari na wanga.

Jelatini si kitu kigeni kwa mpishi wa Ufipa, ijapokuwa jina lake ni geni. Mama aliyepika supu ya makongoro jioni, akaiacha katika sufuria usiku wa baridi, huikuta asubuhi imeganda, na akiitikisa hutetemeka. Hiyo ndiyo jelatini. Hutoka katika ngozi, mishipa migumu na mifupa ya mnyama iliyochemshwa kwa muda mrefu. Zamani wapishi wa Ulaya walifanya jeli kwa njia hiyo hiyo. Walichemsha miguu ya ndama kwa saa nyingi, wakaichuja supu, wakaondoa mafuta yote, kisha wakatia sukari, ndimu na viungo. Kazi hiyo ilianza kupungua pale Mmarekani Peter Cooper alipopata hataza ya jelatini ya unga mwaka 1845. Na mwaka 1897, katika mji wa LeRoy, jimbo la New York, Pearle Wait alichanganya unga huo na sukari, rangi na harufu ya matunda, na jeli ya pakiti ikazaliwa.

Agari haitoki kwa mnyama. Ni zao la mimea ya baharini, aina za mwani mwekundu, na Wajapani wameitumia kwa karne nyingi. Huuzwa ikiwa unga au nyuzi nyeupe kavu, na juu ya pakiti huandikwa agar-agar. Watu wa pwani yetu wanaijua vema katika faluda, yaani maziwa yaliyotiwa sukari na iliki, yakagandishwa kwa agari na kukatwa vipande.

Wanga, hasa wanga wa mahindi uuzwao kwa jina la konflawa, hugandisha maziwa yakawa mazito hata yaweze kusimama katika sahani. Haung'ai kama hivyo viwili vya kwanza, lakini hupatikana kwa urahisi na bei yake ni nafuu. Mpishi asiuchanganye na unga wa sembe, kwa maana huo ni kitu kingine.

SHAKA YA HARAMU

Sasa tuje katika swali la pili. Je, ni kweli kwamba jelatini hutoka kwa nguruwe? Jibu ni kwamba nyingine hutoka kwa nguruwe, nyingine kwa ng'ombe, na nyingine kwa samaki. Sehemu kubwa ya jelatini ya chakula inayotengenezwa Ulaya hutokana na ngozi ya nguruwe. Kwa hiyo shaka ya akina mama si uvumi. Kadhalika, jelatini ya ng'ombe nayo ina swali lake, kwani lazima ijulikane kama ng'ombe huyo alichinjwa kwa sheria ya Kiislamu.

Kwamba nguruwe ameharamishwa katika Qurani Tukufu ni jambo ambalo kila Mwislamu analijua. Mahali waliposema wanazuoni wa zama hizi ni hapa: je, ngozi na mfupa vikigeuzwa kiwandani hata vikawa unga usiofanana kabisa na asili yake, hukumu nayo hugeuka? Mageuzi hayo huitwa istihala. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jedda, lilikutana mjini Amman. Lilitoa uamuzi kwamba haifai Mwislamu kutumia katika chakula jelatini iliyotolewa kwa nguruwe, na kwamba ile itokayo katika mimea au katika wanyama waliochinjwa kisheria yatosha. Mwaka 1995 kikao cha wanazuoni na matabibu kilichofanyika Kuwait kilielekea upande mwingine, kikaona kwamba mageuzi hayo huitoharisha jelatini. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika Afrika ya Mashariki, mlango wa istihala ni mwembamba. Mvinyo ukigeuka siki wenyewe hutoharika, na ngozi hutoharika kwa kutiwa dawa, lakini ngozi ya nguruwe haimo.

Sisi hatukusudii kuwa makadhi katika jambo hili. Mwenye swali na amwendee mwalimu wake. Ila twasema kwamba mama wa nyumbani hana haja ya kujitia katika hitilafu hiyo, kwa sababu njia iliyo wazi ipo karibu naye. Kabla ya kununua, na asome pakiti. Akiona neno gelatine au gelatin bila ya maelezo zaidi, au namba E441, ajue kwamba humo mna jelatini ya mnyama asiyetajwa. Akiona alama ya halali ya chombo kinachoaminika, au maneno kwamba ni ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria, au ya samaki, moyo wake utulie. Na akiona agar-agar au E406, carrageenan au E407, pectin au E440, ajue kwamba kigandishi chake kimetoka katika mmea.

Hiyo carrageenan, ambayo tunaweza kuiita karaginani, nayo ni zao la mwani, na ina uhusiano na nchi yetu. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani wao husafirishwa ng'ambo, na huko viwanda hutoa karaginani ndani yake. Baadhi ya pakiti za jeli zinazoandikwa kwamba hazina kitu cha mnyama hugandishwa kwa zao hilo. Basi huenda kinachogandisha jeli katika meza ya Sumbawanga kilianzia katika mikono ya mama wa Kizanzibari, kikazunguka dunia, kikarudi kwetu.

MAARIFA YA JIKONI YALIYOFIKA MAABARA

Vijana wetu wanaosoma sayansi wasidhani kwamba habari hizi ni za jikoni tu. Mwaka 1881, katika maabara ya Robert Koch huko Ujerumani, matabibu walikuwa wakiotesha vijidudu vya maradhi juu ya jelatini ili wavichunguze. Walipata taabu kubwa. Siku za joto jelatini iliyeyuka, na baadhi ya vijidudu viliila jelatini yenyewe hata ikawa maji. Mmoja wa matabibu hao, Walther Hesse, alikuwa na mke aitwaye Fanny, aliyezaliwa New York. Bibi huyo alikuwa akitumia agari katika jeli zake za nyumbani, kwa kuwa aliwahi kufundishwa na jirani aliyekaa Java, nchi ya joto. Alimshauri mumewe watumie agari badala ya jelatini, na ushauri wake ukafaulu. Mwaka 1882 Koch alipotangaza kijidudu cha kifua kikuu, agari ilikuwa imekwisha tajwa miongoni mwa vitu alivyotumia. Mpaka leo maabara za hospitali huotesha vijidudu juu ya agari.

Kisa hiki chatufundisha tofauti kubwa ya vigandishi hivi viwili. Jelatini huyeyuka hata kabla ya kufikia joto la mwili wa mtu, na ndiyo maana huyeyuka kinywani. Agari huganda ikishuka kufikia nyuzi 32 mpaka 40 za sentigredi, lakini ikiisha ganda haiyeyuki mpaka ipate joto la nyuzi 85 hivi. Kwa hiyo agari yaweza kuganda juu ya meza bila ya barafu, na jelatini haiwezi.

MWINUKO NA BARIDI YA UFIPA

Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika, lililo upande wa magharibi, liko karibu mita 770 tu. Basi mtu ashukaye kutoka Sumbawanga mpaka bandari ya Kasanga huteremka kama kilometa moja nzima, akatoka katika baridi na kuingia katika joto. Jeli ileile iliyosimama imara Sumbawanga asubuhi ya Juni yaweza kuwa maji Kasanga adhuhuri ya siku ileile, kama imegandishwa kwa jelatini.

Kwa hiyo mwenye kukaa uwandani amepewa friji ya bure. Katika miezi ya Juni na Julai, jelatini iliyowekwa usiku katika chumba cha baridi, imefunikwa vizuri na kukingwa na sisimizi, yaweza kuganda mpaka asubuhi. Miezi ya joto, kama Oktoba, asitegemee hivyo, bali atumie friji au atumie agari. Na mkazi wa kando ya ziwa asiyekuwa na friji, agari ndiyo rafiki yake mwaka mzima.

Lakini mwinuko una upande mwingine. Kadiri mtu anavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja hupungua kwa kila mita 300. Katika pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, na Sumbawanga huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Hii ndiyo sababu maharage hukawia kuiva uwandani. Na agari ni hivyo hivyo: huyeyuka, lakini yataka subira. Mpishi akifuata dakika zilizoandikwa katika pakiti, chembe nyingine zitabaki hazijayeyuka, na jeli yake itakuwa laini huku chini yake mna mchanga mchanga. Basi asifuate saa, afuate dalili. Achote kwa kijiko na kukiinamisha. Maji yakiteremka safi bila ya chembe wala nyuzi, agari imeyeyuka.

JELI YA AGARI KWA NUSU LITA

Chukua vijiko viwili vya chai vya unga wa agari, visawazishwe, visiwe na kilima. Ikiwa ni ya nyuzi, pima gramu 5, ukate vipande vidogo na kuviroweka nusu saa.

1. Tia agari katika robo lita ya maji baridi, koroga, uache dakika 10.

2. Weka motoni huku ukikoroga mpaka yachemke. Punguza moto, funika nusu, uache ichemke taratibu. Pwani dakika 5 zaweza kutosha. Sumbawanga tazamia dakika 8 mpaka 10, kisha ufanye jaribio la kijiko.

3. Yapime maji tena. Yakipungua robo lita kwa kukauka, ongeza maji ya moto mpaka yarudi kipimo chake. Kisha tia sukari vijiko vitatu au vinne vya mezani. Sukari isitiwe mwanzo, kwa maana huyagombea maji na kuizuia agari isiyeyuke upesi.

4. Ipua. Chukua robo lita ya maji ya matunda uliyoyapasha mbali, yawe ya moto lakini yasichemke, uyamimine ndani na kukoroga. Yakiwa baridi, agari itaganda papo hapo vipande vipande. Na maji makali kama ya ukwaju, ndimu au pasheni yasichemshwe pamoja na agari, kwani ukali huivunja nguvu yake.

5. Tia kijiko kimoja juu ya kisahani baridi. Baada ya dakika chache kitaganda. Kikiwa laini mno, rudisha sufuria motoni na uongeze agari kidogo iliyoyeyushwa mbali katika maji machache. Kikiwa kigumu mno, ongeza maji ya matunda ya moto. Hapa ndipo penye faida ya agari: kosa hujulikana na kusahihishwa kabla ya wageni kufika.

Kwa faluda, badala ya maji ya matunda tumia maziwa ya moto na iliki iliyosagwa. Ufipa ni nchi ya ng'ombe, na maziwa mabichi sharti yachemshwe kwanza.

JELI YA JELATINI KWA NUSU LITA

Ukiisha pata jelatini usiyoishuku, pima kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa, kama gramu 10. Inyunyize juu ya robo kikombe cha maji baridi, iache dakika 10 ivimbe. Usimimine maji ya moto juu ya unga mkavu, utapata madonge. Kisha tia maji ya matunda na sukari, vyote viwe vya moto, hata ifike nusu lita, ukoroge mpaka iwe safi kabisa. Jelatini isichemshwe, kwa maana kuchemka kwa muda huipunguza nguvu. Hapa mwinuko wa Sumbawanga hauna madhara, kwani jelatini haihitaji joto kubwa. Iache usiku kucha mahali pa baridi.

Ikiwa ni ya pakiti, kipimo cha maji kilichoandikwa aghalabu ni cha jeli ya kuliwa katika bakuli. Ukitaka kuipindua katika sahani, punguza robo moja ya yale maji baridi uliyoamriwa kutia.

Na kwa wanga wa mahindi, vijiko vinne vya mezani vilivyosawazishwa hutosha nusu lita ya maziwa. Uvuruge kwa maziwa baridi kidogo, uumimine katika maziwa ya moto, ukoroge, na ukianza kuchemka usiuipue upesi, bali uuache dakika chache zaidi ili uive.

MATUNDA YANAYOHARIBU JELI

Kila mpishi ajua kwamba nyama ngumu ikipakwa papai bichi hulainika. Papai lina kitu cha asili kinachovunja nguvu ya nyama. Nanasi bichi linacho pia, na tangawizi mbichi kadhalika. Jelatini nayo asili yake ni mwili wa mnyama, basi matunda haya mabichi huivunja kama vile vijidudu vilivyoivunja katika maabara ya Koch. Mama aweza kungoja mpaka kesho na jeli yake isigande kamwe. Dawa yake ni kulichemsha tunda kwanza, kwa kuwa moto hukiua kitu hicho, au kutumia agari, ambayo haidhuriki kwa hayo. Maembe yaliyoiva vizuri, machungwa na ndizi havina taabu hiyo.

KUITOA NZIMA

Kalibu, yaani chombo cha kuipa jeli umbo lake, si lazima kinunuliwe. Bakuli la bati, kikombe kipana au sufuria ndogo hufaa, maadamu mdomo wake ni mpana kuliko kitako. Kabla ya kumimina, kilowanishe kwa maji baridi na kuyamwaga, bila ya kukikausha.

Jeli ya agari hujikaza na kuachana kidogo na chombo. Pitisha kidole kilicholowa pembeni mwote, uvute ukingo kidogo hewa ipate kuingia, na nusu ya kazi imekwisha. Jeli ya jelatini hushikamana, basi tumbukiza kalibu katika maji ya vuguvugu mpaka karibu na ukingo, uhesabu polepole mpaka 5, uitoe na kuifuta. Maji yakiwa ya moto mno, au ukikawia, umbo litayeyuka. Ni afadhali kurudia mara mbili kuliko kuzidisha mara moja.

Kisha ilowanishe sahani kwa maji kidogo. Jambo hili dogo wengi hawalijui. Jeli ikianguka upande katika sahani kavu hunata palepale, lakini katika sahani iliyolowa waweza kuisukuma hata ikae katikati. Funika kalibu kwa sahani, shika vyote viwili kwa nguvu, pindua, utikise mara moja kwa ghafula. Utasikia jeli ikianguka. Inua kalibu wima, usiivute upande. Isiposhuka, usiikorogee kisu, rudia maji ya vuguvugu.

Na jeli yenye maziwa isikae nje ya friji kutwa nzima, kwa kuwa vijidudu huipenda kama tuipendavyo sisi. Itayarishwe usiku wa kuamkia Idi, iliwe asubuhi.

Ndugu wasomaji, mgeni anapopewa sahani katika nyumba ya Kiislamu hula bila ya kuuliza, kwa sababu amemwamini mwenye nyumba. Amana hiyo huanza dukani, pale mama au binti anapoigeuza pakiti na kusoma maandishi madogo yaliyo nyuma yake. Na vijana waliosoma wasiwaachie mama zao peke yao kazi hiyo, kwani maandishi hayo aghalabu ni ya lugha za kigeni na macho ya ujana ni makali zaidi. Na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu.